Kupoza injini ya rotari kwenye boti ya pangaboi

Gari la kawaida likichemsha kati ya Mwanza na Shinyanga, dereva anaegesha kando, anasubiri lipoe, anaongeza maji na safari inaendelea. Pengine wiki ijayo atabadilisha gasketi ya silinda hedi. Injini ya rotari, yaani ile inayotumia rota za kuzunguka badala ya pistoni, haikupi nafasi hiyo. Ikichemka sawasawa mara moja tu, mara nyingi inashushwa, na kwa Tanzania ukishashusha injini hiyo uanze kutafuta spea nje ya nchi.

Mimi ni fundi wa rejeta. Nimezibua, nimechomelea na kubadilisha rejeta za kila aina hapa Mwanza, kuanzia za Hiace hadi za Fuso. Ila kazi iliyonifanya niyatazame maji, oili na hewa kama jambo moja ni hii ya kufunga mfumo wa kupozea injini ya rotari ya Mazda 13B kwenye boti ya pangaboi, kule Igombe kando ya Ziwa Victoria. Naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu, maana injini hizi zinaingia nchini moja moja ndani ya magari ya mtumba, na mwenye nayo akikwama hupewa ushauri wa injini nyingine kabisa.

Mwenye boti ni mzee mjenzi wa mitumbwi, amezeeka na randa mkononi. Alitaka chombo cha kupita juu ya gugumaji. Gugumaji limo ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na yeyote aliyewahi kuinamia injini ya boti akikata mizizi kwa kisu huku upepo unamsukuma ndani ya zulia lile la kijani anajua kwa nini mzee aliitaka boti hiyo. Tumbo lake ni bapa, chini ya maji hakuna kitu. Kinachoisukuma ni pangaboi kubwa lililo hewani nyuma ya dereva, ndani ya kizimba cha nondo na wavu. Injini inatazama nyuma, na kati yake na pangaboi kuna gia ya kupunguza mzunguko.

Injini yenyewe aliipata kutoka kwenye gari la Mazda RX-7 lililogongwa. Rota mbili, kila moja sentimita za ujazo 654, jumla 1,308. Ni ndogo kiasi kwamba watu wawili wenye nguvu wanaihamisha, na haina pistoni ya kupanda na kushuka, kwa hiyo mtetemo wake ni mdogo. Asili yake ni Felix Wankel na kampuni ya NSU ya Ujerumani katika miaka ya 1950. Mazda ndio walioibeba mpaka mwisho: gari la Cosmo la 1967, halafu RX-7, hadi gari lao la mashindano lenye rota nne likashinda mbio za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1991.

Sisi hatukuwa na wa kumuuliza Mwanza. Waliotutangulia ni watu wanaojiundia ndege ndogo nyumbani, hasa Marekani, ambao wamekuwa wakiifunga 13B kwenye ndege kwa miongo kadhaa. Tatizo lao ndilo letu. Gari barabarani hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu yake: unapanda Mabatini kwa mafuta mengi, kisha unashuka, unasimama, injini inapumua. Ndege haina mteremko wa kupumzikia angani, na boti ya pangaboi haina pia. Ukishafungua mafuta, injini inakaa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika au zaidi, nusu saa, saa nzima, bila kupungua. Rejeta iliyolitosha gari ikiwekwa hapo inaweza kushindwa kabla hujaona ng'ambo.

Kuna aliyeuliza kwa nini tusivute maji ya ziwa tukayapitisha kwenye injini, maana ziwa lote liko hapo chini. Boti hii kazi yake ni kupita juu ya majani. Mdomo wa kuvuta maji ungeziba mahali pale pale inapohitajika zaidi. Ikabidi tupoze kwa hewa kupitia rejeta, kama ndege.

Kabla ya kukata bomba hata moja nilimwomba mzee tuifungue injini, kwa sababu fundi aliyeishika kabla yetu alikuwa ameijaribu juu ya stendi bila kumaliza mfumo wa maji. Injini ya rotari imepangwa kwa tabaka: chuma, alumini, chuma, alumini, chuma, vyote vimebanwa na bolti ndefu zinazopita toka mwanzo hadi mwisho. Kati ya tabaka na tabaka kuna oringi, yaani pete za mpira, nyembamba zinazotenga njia ya maji na chumba cha moto. Mwako hutokea upande mmoja tu siku zote, upande wa plagi. Upande wa pili unapokea mchanganyiko wa baridi wa hewa na petroli. Kwa hiyo ganda moja lina upande unaoungua na upande unaopozwa, na halibadilishani zamu. Alumini inatanuka kuliko chuma. Maji yakikosekana upande wa plagi kwa dakika chache, alumini inavimba, oringi inapondeka, na injini ikipoa pengo limeshabaki. Zetu zilikuwa zimekauka na kukatika kama tambi kavu, hasa karibu na plagi. Dalili yake kwa anayeikuta injini imefungwa ni moshi mweupe asubuhi wakati wa kuwasha, maji yanayopungua bila kuonekana yanakovujia, na mapovu yasiyokoma kwenye tangi.

Kitu cha pili ambacho fundi wa pistoni hakitarajii ni oili. Rota haiguswi na maji. Inapozwa na oili inayorushwa ndani yake kutoka kwenye shafti, na karibu theluthi moja ya joto lote linalopaswa kutolewa linatoka kwa njia hiyo. Kipoza oili hapa si pambo la gari la mashindano. Ukifunga rejeta nzuri ya maji na kipoza oili kidogo, geji ya maji itakuonyesha amani huku oili ikipanda kupita nyuzi 110 na kuwa nyepesi. Sisi tulilenga oili isizidi nyuzi 100 hivi kwa mwendo mrefu. Na kipoza chake kisikae nyuma ya rejeta ya maji, maana hapo kitapewa hewa ambayo tayari imeshapashwa.

Sasa thamostati, ile vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta yakishapata moto. Hapa nilibishana na vijana wa gereji mpaka sauti zikapanda.

"Fundi, toa hiyo thamostati tupa kule," kijana mmoja aliniambia. "Mwanza hii kuna baridi gani?"

Ni desturi yetu, naijua. Gari likichemsha, kitu cha kwanza ni kuing'oa thamostati, na kwa magari mengi dereva anaondoka akiwa na furaha. Kwenye 13B ni hatari. Thamostati yake ina sahani mbili. Ya juu inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta. Ya chini, wakati huohuo, inashuka na kuziba tundu linalorudisha maji moja kwa moja kwenye pampu. Ukiing'oa, tundu lile linabaki wazi. Maji hayana sababu ya kwenda kupenya kwenye vijibomba vyembamba vya rejeta wakati mlango mpana uko jirani, kwa hiyo sehemu kubwa inazunguka ndani ya injini na kurudi ilikotoka ikiwa na moto wake. Vivyo hivyo ukiweka thamostati ya gari lingine inayoingia vizuri lakini haina sahani ya chini.

Nilimpa tochi kijana, nikamwambia aangalie ndani ya nyumba ya thamostati, kisha atumbukize thamostati kwenye sufuria ya maji jikoni kwa mama ntilie wa jirani na kuyachemsha taratibu. Alisimama pale na kipimajoto akiiangalia sahani ya juu ikifunguka na ya chini ikisogea. Aliporudi hakubisha tena. Wajenzi wengi wa ndege huitoa, ni kweli, lakini wanaliziba tundu lile kwa kizibo cha skrubu kwanza. Sisi tuliibakiza, kwa sababu rotari haipendi kupewa nguvu zote ikiwa baridi, na nyakati za usiku ziwani upepo huwa mkali.

Baada ya hapo ni hewa iliyonasa ndani ya maji, na hii ndiyo iliyonichukua muda mwingi kuliko yote. Povu la hewa hukaa mahali pa juu kuliko kote na halisogei. Kwenye gari mahali hapo panajulikana. Kwenye boti panahama! Ikiwa imetulia, sehemu ya juu ya mfumo wetu ilikuwa nyuma, karibu na gia. Ikifunguliwa mafuta, pua inanyanyuka, na sehemu ya juu inakuwa mbele, kwenye nyumba ya thamostati, juu kabisa ya pampu. Povu linalokaa salama nyuma linakimbilia mbele wakati uleule injini inapoanza kufanya kazi nzito. Ndege nayo hupandisha pua inapopaa, na mjenzi aliyejaza maji chini akaona kila kitu ni shwari hukutana na geji iliyopanda akiwa hewani.

Dawa ni tangi la akiba lenye mgandamizo, likae juu kuliko kila kitu katika hali zote mbili. Nililichomelea la alumini, lita mbili hivi. Kutoka kila mahali ambapo hewa inaweza kunasa, yaani nyuma ya injini, nyumba ya thamostati na juu ya kila rejeta, nikapandisha kijibomba cha milimita 6 hadi sehemu ya juu ya tangi. Chini ya tangi nikatoa bomba nene la milimita 19 likashuka hadi mdomo wa pampu unaovuta. Hivyo hewa inapanda kwa kijibomba, na maji yanashuka kujaza nafasi yake, muda wote injini inapozunguka. Vijibomba visiwe vinene. Ukiweka vya milimita 12 umejenga njia nyingine ya mkato ambayo maji yataipenda kuliko rejeta, na umerudi kwenye tatizo la thamostati kwa mlango mwingine.

Mfuniko wa mgandamizo ukae kwenye tangi hilo, upande wa kuvuta wa pampu. Ukiuweka juu ya rejeta, mahali maji yanapoingia, pampu ikienda kasi inaongeza msukumo wake juu ya ule wa joto, na mfuniko unafunguka na kumwaga maji ambayo hata hayajachemka. Nimeona magari yaliyobadilishwa injini yakitapika hivyo na wenye nayo wakibadilisha mifuniko bila mwisho.

Mfuniko wenyewe una maana kubwa kwetu kuliko kwa watu wa pwani. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96. Mfuniko ulioandikwa 0.9, yaani mgandamizo wa karibu bar 0.9, unayazuia mpaka karibu nyuzi 116. Ukiwa na mfuniko uliochoka, unaendesha injini ya rotari ukiwa nyuzi chache tu kutoka kwenye mvuke, na mvuke ukitokea upande wa plagi hauwezi kubeba joto kama maji. Ndani tulitia kulanti ya glikoli kwa theluthi moja, theluthi mbili maji ya betri. Hatuogopi barafu hapa. Tunachotaka ni kinga ya kutu, kwa sababu chuma na alumini vikilala pamoja kwenye maji ya bomba, alumini ndiyo inayoliwa.

Rejeta ni mbili, moja kila upande. Katikati, nyuma ya injini, pangaboi halivuti hewa ya maana. Nguvu yake iko kuanzia nusu ya urefu wa bapa kwenda nje. Tulizifunga sambamba, yaani maji yanagawanyika nusu kwa nusu, na hapo urefu wa mabomba na idadi ya kona lazima vilingane. Njia fupi zaidi ikipatikana upande mmoja, rejeta ya pili inakuwa abiria. Kuikagua ni rahisi: injini ikishapata moto, shika tangi la juu la kila rejeta. Zote mbili ziwe zinakufanya uondoe mkono.

Mzee alitaka rejeta ziwe wazi kabisa, "zipate upepo." Tukaifunga boti kwa kamba kwenye jiwe pale ufukweni, tukawasha, na nikaweka kipimajoto kimoja kwenye bomba la kuingia rejeta na kingine kwenye la kutoka. Napenda kipimo hiki kuliko geji yoyote, kwa sababu kinakuambia mkosaji ni nani. Kilo moja ya maji hubeba kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi moja. Tuseme kilowati 50 zinaingia kwenye maji, na pampu inapitisha lita 75 kwa dakika: tofauti kati ya kuingia na kutoka inatakiwa iwe karibu nyuzi 10. Ukikuta tofauti ya 25, maji yanapita machache. Tafuta hewa iliyonasa, mpira uliominyika, pampu. Ukikuta tofauti ni 10 lakini vyote viwili vinazidi kupanda, maji yanafanya kazi yao na tatizo ni hewa ya nje.

Yetu ilikuwa 10, na inapanda. 97, 98, 99. Nikazima.

Hewa nayo inachagua njia rahisi. Ilikuwa inazunguka pembeni ya rejeta badala ya kupenya katikati ya mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta. Tukazijengea kasha za bati la alumini: mdomo wa mbele mdogo kuliko uso wa rejeta, ukuta unaopanuka taratibu ili hewa ipunguze kasi na kujaa kabla ya kufika kwenye mapezi, na nyuma njia ya kutokea inayoelekea pangaboi. Ndege za vita za P-51 Mustang zilikuwa na rejeta iliyofichwa tumboni ndani ya njia ya namna hiyo. Kila upenyo kati ya kasha na rejeta tuliuziba kwa vipande vya tyubu ya baiskeli na gundi. Kazi ya kuziba nyufa zile ilionekana ya kitoto, vijana walikuwa wanachoka nayo. Tulipowasha tena, kwa rejeta zilezile na maji yaleyale, joto lilipanda hadi 91 likakaa.

Mabomba niliyakunja ya alumini ya milimita 32, mipira mifupi kwenye maungio tu. Kila mwisho wa bomba nimeuchomelea ukingo mdogo wa mviringo ili mpira usichomoke. Bomba laini hata ukilikaza klipu mbili, siku ya mgandamizo litaachia. Mpira wa upande wa kuvuta una springi ndani, usije ukaminywa na pampu ikienda kasi. Mipira ya silikoni ya rangi ya buluu inavumilia joto, ila klipu za kawaida zenye matundu zinaikata, tumia zenye bati laini ndani, na usiiweke kwenye oili hata kwa dharura. Na vyote vikae mbali na ekzosi. Moshi wa rotari unatoka na joto linalokaribia nyuzi 900. Tuliweka ngao ya bati yenye nafasi ya hewa katikati.

Kitu ambacho hakuna mjenzi wa ndege wa Marekani angetuonya ni wadudu wa ziwani. Kuna nyakati wanaibuka majini kwa makundi ambayo kwa mbali utadhani moshi, na upepo ukiwaleta, rejeta inazibwa na miili yao ndani ya safari moja tu. Tumeweka wavu mwembamba kwenye mdomo wa kasha, umbali wa kiganja kutoka kwenye mapezi, unaochomoka kwa pini mbili. Dereva anaung'uta, anaurudisha. Asipoung'uta, kipimo cha tofauti kinabaki 10 na vyote vinapanda, na sasa anajua maana yake bila kunipigia simu.

Boti inafanya kazi. Maji yanakaa kati ya 88 na 93 ikiwa imebeba watu wanne. Oili ndiyo bado inanisumbua kidogo: mchana wa jua kali, ikipita kwenye gugumaji zito kwa mwendo mdogo na mafuta mengi, inafika 104. Mzee anasema tuache, anataka turudi kwenye kupaka rangi. Nimemwambia, "Mzee, rangi itasubiri." Kipoza cha pili cha oili kipo gerejani, kasha lake nimeshalichora, na kinachobaki ni kupata mipira ya oili yenye kipenyo kile kile cha ya kwanza.